Jike mweupe, dume wa bluu, vifaranga 24 na hakuna mweupe hata mmoja

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa Kimara, Dar es Salaam. Nafuga samaki wa mapambo sebuleni, na wale ninaowazalisha nawauza kwa majirani na kwenye ofisi za mjini. Mwaka jana nilinunua sokolofi jike, mweupe kama maziwa, macho mekundu. Muuzaji aliniambia ni albino. Nyumbani nilikuwa na sokolofi dume wa kawaida, wa bluu, nimekaa naye miaka miwili. Muuzaji akanihakikishia kuwa nikiwaweka pamoja nitapata nusu kwa nusu, nusu weupe na nusu bluu.

Nikamwamini. Jike akabeba mayai mdomoni, akakaa bila kula karibu wiki tatu, akatema vifaranga 24. Nimewahesabu mara tatu. Wote bluu. Sasa wana miezi miwili na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Shida ni kwamba nilishachukua arubuni ya shilingi 60,000 kwa mteja anayetaka weupe sita kwa tangi la mapokezi ya ofisi yake, na kila wiki ananipigia simu.

Nimeuliza watu, kila mmoja ana lake. Kuna aliyesema damu ya dume ni kali, imeimeza ya jike. Mwingine anasema nimeuziwa samaki aliyepauka kwa ugonjwa. Kaka yangu anataka niwapandishe hawa vifaranga ndugu kwa ndugu wakikua. Rafiki yangu mfuga kuku anasema nikifanya hivyo nitapata vilema, na kwamba hata kumchanganya albino na wa kawaida ni kuharibu mbegu zote mbili. Mama mkwe alipotutembelea alimwangalia yule jike akasema nimtoe nyumbani, ana mkosi. Kijana anayenisaidia kusafisha tangi anamwita "zeruzeru", na watoto wangu wameshaiga.

Niongeze kuwa tangi lina lita 300, na humo wamo pia samaki wengine, Labidochromis wa njano wanne na dume mmoja wa samaki aitwaye zebra. Sijui kama hilo lina maana yoyote.

Nampenda sana huyu jike, mama. Sitaki kumtesa wala kumdanganya mteja. Nifanyeje?

Mfugaji wa Kimara

*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kitu cha kwanza nilichofurahia ni kwamba umehesabu vifaranga. Wengi huniandikia "walizaliwa wengi" halafu wanataka nipige ramli. Wewe umenipa namba, na namba hiyo inasema mengi.

Samaki uliyeuziwa ni mzima. Hesabu aliyokupa muuzaji ndiyo yenye kasoro.

Kila samaki hubeba kila jeni kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ualbino wa samaki hawa ni jeni inayojificha: samaki anakuwa mweupe pale tu nakala zote mbili zinaposhindwa kutengeneza ile rangi nyeusi ya mwili iitwayo melanini. Akiwa na nakala moja nzima, hiyo moja inamtosha, na utamwona wa bluu kama wenzake. Sisi Watanzania tuna mfano tunaoujua vizuri, wa selimundu. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba nakala moja kimyakimya, mpaka siku mtoto anaporithi zote mbili. Mwendo wa jeni ni huohuo.

Jike wako hana cha kumpa mwanawe ila nakala ya weupe, kwa kuwa hana nyingine. Dume wako wa bluu, kama nakala zake zote mbili ni nzima, kila kifaranga amepata nzima moja kutoka kwake. Wote wanatoka bluu, na wote 24, bila kumbakiza hata mmoja, wamebeba weupe wa mama yao. Hiyo nusu kwa nusu ya muuzaji ingekuja tu kama dume angekuwa mbebaji, yaani wa bluu aliyeficha nakala moja ya weupe. Sasa tumia namba yako: kama dume angekuwa mbebaji, kila kifaranga angekuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuwa bluu, kama kurusha shilingi. Kurusha shilingi mara 24 na kupata upande uleule kila mara hutokea mara moja katika zaidi ya milioni 16. Kwa hiyo aliyewazaa hawa, yeyote yule, si mbebaji. Damu yake haikumeza kitu. Weupe umo ndani ya kila mmoja wao.

Nimesema "yeyote yule" kwa makusudi, kwa sababu ile sentensi yako ya mwishomwisho, uliyoitupia kama nyongeza, ndiyo iliyonishtua kuliko barua yote. Zebra dume na Labidochromis wanne wanafanya nini kwenye tangi la kuzalishia?

Hawa wote ni mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa ukoo mmoja na sato, perege na furu tunaowala. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wa ukoo huu, na nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Ukisimama juu ya mawe ya Liuli au Mbamba Bay asubuhi maji yakiwa yametulia, unawaona wakichokoa mwani kwenye miamba, kila dume na jiwe lake. Kule ziwani majike wanachagua, na rangi ya dume ni sehemu kubwa ya uchaguzi huo. Kwenye kioo cha lita 300 hakuna uchaguzi wa maana. Mbuna wa aina tofauti huzaana, na watoto wao nao huzaa. Sokolofi anatoka upande wa Msumbiji wa ziwa hilo; vitabu vya sasa vinamwita Chindongo socolofi, ingawa madukani bado wanaandika Pseudotropheus.

Tena namna wanavyotaga inafanya jambo liwe gumu zaidi. Kama hujawahi kukaa ukaangalia, kaa siku moja. Wanazungukana juu ya bapa la jiwe, kichwa kwa mkia. Jike anaachia yai moja au mawili, anageuka na kuyadaka mdomoni kabla hayajatulia. Dume anatandaza lile pezi lake la chini lenye madoa ya njano yanayofanana na mayai, jike anayachokoa akidhani kasahau yai, na hapo ndipo anapovuta mbegu za dume mdomoni. Dume mwingine akijipenyeza kwenye mzunguko ule, mbegu zake nazo zinaingia. Vifaranga wa mdomo mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo kabla hujafikiria weupe, chukua tochi ukawaangalie wale 24 mmoja mmoja. Sokolofi halisi anaonyesha bluu ya kupauka angali mdogo, na pezi la mgongoni lina utepe mweusi unaofuata ukingo. Ukiona mistari myeusi iliyokolea inayosimama ubavuni kama ya zebra, au mwili unaovuta kwenye njano, umepata chotara. Chotara si dhambi, ni samaki kama wengine, mfuge mpaka afe kwa uzee. Lakini usimzalishe, na usimuuze kwa jina la sokolofi. Atakayemnunua atamzalisha naye kwa jina hilohilo, na baada ya miaka michache mji mzima hautakuwa na sokolofi wa kweli. Hili ndilo ninaloliona kuwa ni kuharibu mbegu. Albino na wa bluu wa aina moja ni samaki walewale, wametofautiana jeni moja tu.

Namheshimu rafiki yako wa kuku, ana hofu ya kweli, ila ameiweka mahali pasipo pake. Weupe peke yake haumlemazi samaki. Unachompunguzia ni macho. Melanini ndiyo inayokinga jicho na mwanga, na asipokuwa nayo taa kali inamuumiza na anaona hafifu. Hilo lipo na lazima ulihudumie. Udhaifu mwingine ambao watu humsingizia albino, uti wa mgongo kupinda, mayai kuharibika, vifaranga kudumaa, mara nyingi umetokana na sisi wafugaji. Mtu akipata weupe wawili anawapandisha, kisha ndugu kwa ndugu, kisha watoto wao ndugu kwa ndugu, kwa sababu weupe kwa weupe wa jeni moja huzaa weupe watupu na mauzo yanakwenda haraka. Vizazi vinne vya hivyo vinafichua kila kasoro iliyokuwa imejificha kwenye ukoo. Dawa yake ndiyo hiyo uliyoifanya bila kujua: kumrudisha albino kwa samaki wa kawaida asiye ndugu yake. Kwa hiyo hukuharibu, mwanangu. Umemletea jike wako damu mpya.

Sasa njia ya kupata weupe. Kaka yako hajakosea hesabu. Ukipandisha ndugu kwa ndugu kati ya hawa 24, wote wakiwa wabebaji, utapata kama robo ya weupe. Ila kuna kero: kati ya wale bluu watakaozaliwa, wawili kati ya kila watatu watakuwa wabebaji na mmoja hatakuwa, na kwa macho huwezi kuwatenganisha. Ukimchukua kijana dume mmoja ukampandisha na mama yake, unapata kama nusu weupe, na kila bluu atakayezaliwa utajua bila shaka kuwa ni mbebaji. Uzito wa undugu ni uleule kwa njia zote mbili, mtoto na mzazi au ndugu wa baba na mama mmoja. Kwa hiyo kama lazima ufunge undugu mara moja, rudi kwa mama.

Mimi ningeenda polepole zaidi, na ningependa ukubali. Tafuta dume wa pili wa bluu, sokolofi asiye na uhusiano wowote na huyu wako, umweke na jike mweupe kwenye tangi lao peke yao. Watoto watatoka bluu tena, usivunjike moyo. Wakikua, wapandishe na hawa 24. Watakuwa ndugu kwa mama tu, undugu umepungua nusu, na robo ya vifaranga watakuwa weupe wenye damu ya madume wawili tofauti. Ni karibu mwaka mzima zaidi. Unaweza kwenda njia zote mbili kwa pamoja: mama na mwanawe mara moja tu kwa ajili ya oda ulizonazo, na hii ya pili kwa ajili ya ukoo wako wa kesho.

Jambo moja la tahadhari ukikutana na albino mwingine dukani. Kuna zaidi ya jeni moja inayoweza kumfanya samaki awe mweupe. Ukipandisha weupe wawili kutoka vyanzo tofauti ukapata bluu watupu, usimpigie kelele muuzaji. Kila mmoja alileta nakala nzima ya jeni iliyomharibikia mwenzake. Na mwangalie macho kabla hujalipa. Kuna samaki weupe wenye macho meusi, kama wale konvikti weupe wa Amerika ya Kati. Hao weupe wao una njia nyingine na hawasumbuliwi na mwanga kama huyu wako.

Kuhusu kutomtesa, umeuliza vizuri, na hapa nina kosa langu la kukusimulia. Mara yangu ya kwanza kupata mchanganyiko nilimtoa jike vifaranga siku ya kumi na nne, nikavimiminia kwenye bakuli jeupe la plastiki. Miili ya wale weupe ilipotea kwenye weupe wa bakuli. Nilichoona ni macho tu yakitembea: nukta nyeusi mbilimbili za wale wa bluu, na katikati yao nukta za rangi ya waridi, hafifu kama doa la ute wa zambarau kidoleni, kila jozi imening'inia juu ya kifuko cha kiini cha yai. Walikuwa saba. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani. Kisha nikawalea pamoja na ndugu zao kwenye tangi moja, chini ya taa ileile. Kila nilipotia chakula, wa bluu walikifikia kwanza. Weupe walikuwa wanakiona kikiwa kimeshaliwa. Baada ya mwezi nilibaki na wawili. Hawakufa kwa ualbino. Walikufa kwa njaa, mbele yangu, nikiwalisha mara tatu kwa siku.

Kwa hiyo walee peke yao. Tumia beseni jeusi au la bluu iliyokolea, utawaona vizuri na wao hawataumizwa na mwanga unaorudi kutoka chini. Taa iwe hafifu, weka mimea inayoelea na mapango ya mawe, na chakula kisagwe kitiwe mahali palepale kila mara ili wakizoee. Huyo mama yao naye anahitaji pango lake na majike wenzake. Dume mmoja na jike mmoja ni mateso kwa mbuna, dume atamkimbiza mpaka mapezi yachanike. Mpe majike wanne au watano. Binti zake mwenyewe kati ya wale 24 watafaa kumpunguzia kero, ila usiwaache na baba yao muda wa kuzaa ukifika.

Sasa mama mkwe. Mheshimu, mpe chai, halafu mweleze taratibu hiki nilichokueleza, kwamba wazazi wawili wa rangi ya kawaida wanaweza kubeba jeni bila kujua na mtoto akazaliwa mweupe. Mweleze hata kwa binadamu ni hivyohivyo. Nasema haya nikiwa na uchungu, kwa sababu nchini kwetu kuna kina mama walioachwa na waume zao kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino, wakaambiwa wameleta mkosi, wakati nusu ya jeni ile ilitoka kwa baba aliyewafukuza. Na watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani zinazoanzia kwenye neno dogo kama hilo la mkosi.

Ndiyo maana nakuomba lile neno la kijana wako liishe nyumbani kwako leo. Huenda yeye analitumia kwa samaki bila kufikiri, lakini watoto wako watalibeba mpaka shuleni, na huko wapo watoto wenye ualbino ambao wamelisikia kwa sauti mbaya. Wape jina jingine la huyo jike. Watoto ni wepesi wa kutunga majina, waachie wao.

Kabla sijarudi kwa mteja wako, jambo moja la haraka: ukibaki na vifaranga usiowataka, usiwamwage mtoni, bwawani wala ziwani, hata kama unasafiri kwenda Mwanza au Kigoma na unaona ni kuwarudisha nyumbani. Hawakutoka huko. Wagawe, au wasiliana na wafugaji wenzako.

Mteja mpigie wewe leo, usingoje akupigie. Vijana wako wana miezi miwili. Mbuna hukomaa kwenye miezi sita hadi minane. Hesabu miezi mitano ya kungoja dume mmoja akomae, mwezi wa kutaga na kuatamia mdomoni, na miwili ya kuwalea weupe mpaka wafikie ukubwa wa kuuzwa. Ni miezi minane kama kila kitu kinakwenda sawa, na mdomo mmoja wa sokolofi hauhakikishi weupe sita. Mwambie hivyohivyo, na umwambie utamrudishia 60,000 yake asipotaka kungoja. Akikubali kungoja, mwulize taa ya tangi lake la mapokezi ni ya aina gani. Kama ni ile inayowaka kama ya uwanja wa mpira, aibadilishe kwanza.

Na wale bluu 24, ukiwauza, waandikie kwenye mfuko "mbebaji wa ualbino". Mnunuzi siku moja atapata vifaranga weupe kwenye tangi la bluu watupu na atajua kwa nini. Wewe baki na madume wawili na majike wanne, wasio na dalili ya zebra, na uniandikie tena ukishawaangalia kwa tochi.